Usingizi, moyo na ushahidi wa Tinde

Mwaka 2019 Susanna Larsson wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, na Hugh Markus wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha hesabu iliyozungumzwa sana na madaktari wa moyo: mwelekeo wa kurithi wa kukosa usingizi unaendana na ongezeko la takriban asilimia 12 la uwezekano wa kupata ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mbinu waliyotumia ni ya kijanja. Mtu akikwambia hapati usingizi na moyo unamsumbua, huwezi kujua kilichoanza. Pengine moyo ndio unaomwamsha usiku, pengine ni pombe, madeni au kazi ya zamu. Jeni, lakini, mtu huzipata siku mimba inapotungwa, kabla hajakopa senti wala kuonja pombe. Basi wakachukua alama 248 za kijeni, zilizobainika kwa kuchunguza watu zaidi ya milioni 1.3, wakazitafuta katika takwimu za wagonjwa wa moyo.

Mbinu hiyo inaegemea dhana moja kubwa: kwamba alama hizo zinaufikia moyo kwa kupitia usingizi tu, bila njia ya uchochoroni. Larsson na Markus waliipima dhana hiyo kwa hesabu za ziada, ila hesabu ina mwisho wake. Tena idadi kubwa ya waliochunguzwa walikuwa watu wenye asili ya Ulaya.

Kwetu kuna kisa kingine cha usingizi, jeni na viungo vya ndani, ambacho kimethibitishwa hatua kwa hatua kwa zaidi ya miaka 80. Mojawapo ya hatua zake za mwanzo ilipigwa kaskazini mwa Tabora. Ni kisa cha malale.

Anayesafiri leo kutoka Tabora kwenda Urambo na Kaliua anapita kwenye miombo ileile waliyoikatiza wapagazi wa Kinyamwezi na meno ya tembo mabegani. Mabegani, kwa sababu farasi na punda hawakudumu njia hiyo, mbung'o aliwamaliza. Mdudu huyohuyo, anayeitwa pia ndorobo, ndiye anayewaambukiza warina asali na wawindaji vimelea vya malale vya aina ya rhodesiense. Siku hizi wagonjwa ni wachache sana, lakini si zamani Kituo cha Afya Kaliua kilikuwa kinawapokea kiasi cha kuwa kimojawapo cha vituo viwili, pamoja na hospitali ya Lwala ya Uganda, vilivyojaribu kufupisha tiba ya melarsoprol hadi siku 10. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Melarsoprol ni dawa yenye aseniki, na kuna wagonjwa waliouawa na dawa yenyewe.

Wengi hudhani mgonjwa wa malale analala kupita kiasi. Daktari Mfaransa Alain Buguet na wenzake waliwapima wagonjwa mawimbi ya ubongo usiku na mchana, wakaona jumla ya saa za kulala haizidi sana ile ya mtu mzima wa afya. Kinachovurugika ni mpangilio: usingizi unakatikakatika saa zote 24, na ndoto zinaingia mara tu mtu anapofumba macho. Aina ya rhodesiense hushambulia pia msuli wa moyo na utando unaouzunguka, mara nyingine kabla vimelea havijafika kwenye ubongo. Kwa hiyo usingizi mbovu na moyo mbovu hukutana kwa mgonjwa mmoja, na hakuna kati ya hivyo viwili kilichozaa kingine. Vyote vimeletwa na kimelea.

Sasa Tinde, mji mdogo wa Shinyanga, upande wa kaskazini alikoelekea Speke mwaka 1858 alipotoka Tabora kulitafuta Ziwa Victoria. Mwaka 1934 J. F. Corson alianza hapo jaribio ambalo baadaye liliendelezwa na H. Fairbairn. Swali lilikuwa jepesi kuliuliza, gumu kulijibu. Damu ya binadamu huviua vimelea vya nagana, ugonjwa wa ng'ombe, lakini haiviui vya malale, ingawa ukivitazama kwa darubini huwezi kuvitofautisha. Je, vya malale vikikaa muda mrefu ndani ya wanyama, bila kumgusa mtu, vitasahau namna ya kuishi katika damu yake?

Ukoo mmoja wa vimelea ukachukuliwa kutoka kwa mgonjwa. Mbung'o waliolelewa maabara waliuhamisha kutoka kondoo hadi kondoo, na pia kwa paa, kizazi baada ya kizazi, na kila baada ya muda wakaachwa wamuume mtu ili ionekane kama ataugua. Ripoti zinasema watu hao walijitolea. Mtu wa kijijini, mbele ya daktari wa serikali ya kikoloni, alijitolea kwa kiasi gani? Ripoti hazikuandikwa kwa kalamu yake. Muhtasari wa miaka 18 ulitoka mwaka 1955, na jibu lilikuwa hapana: vimelea havikusahau. Uwezo ule ulikuwa wa kurithi.

Jeni yenyewe ilithibitishwa mwaka 1998, Ubelgiji, katika kundi la Etienne Pays. Inaitwa SRA. Walipoipandikiza kwenye kimelea cha nagana, kimelea hicho kikaanza kustahimili damu ya binadamu. Hapo ndipo ushahidi unapotofautiana na takwimu: unaigusa jeni, matokeo yanabadilika. Mwaka 2003 kundi hilohilo likaipata silaha ya upande wetu, protini inayoitwa APOL1, ambayo husafiri kwenye damu juu ya chembe za HDL, zile ambazo madaktari huziita lehemu nzuri. Kimelea kikiimeza, inakitoboa ndani mpaka kinavimba na kupasuka. SRA huing'ang'ania APOL1 kwenye mkia wake na kuizima.

Kisha kisa kikahamia kwenye figo. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani waliokuwa wakiuliza kwa nini Wamarekani Weusi wanaumwa figo zaidi walitangaza kwamba mhusika ni jeni ya MYH9, kwenye kromosomu ya 22. Takwimu zilikuwa safi kabisa, na mhusika hakuwa huyo. Mwaka 2010 Martin Pollak, David Friedman na wenzao walisoma jinomu za Wayoruba wa Nigeria, wakaona kwamba jirani ya MYH9, ambaye ni APOL1, ana mabadiliko mawili yanayoeleza ugonjwa vizuri zaidi. Uteuzi wa asili ulikuwa umeyaeneza haraka mno hata yakamburuta jirani, na lawama ikamwangukia aliyekokotwa. Badiliko moja, G2, linafuta asidi amino mbili mkiani, karibu na pale SRA inapong'ang'ania. Protini ya G2 inakiua kimelea cha rhodesiense. Ila anayerithi nakala mbili za mabadiliko haya, moja kutoka kwa kila mzazi, figo zake ziko hatarini: hatari ya kushindwa kwa figo kunakohusishwa na presha ilikuwa mara 7 hivi. Kama yanaudhuru na moyo moja kwa moja, tafiti zimepingana.

Hatua ya mwisho ni ya kuhesabu watu. Mwaka 2017 Anneli Cooper na wenzake walionyesha kwamba Uganda, kwenye malale ya rhodesiense, G2 inakinga kama mara 5. Guinea, kwenye malale ya aina nyingine, gambiense, G2 hiyohiyo iliendana na kuugua. Jeni moja, ugonjwa wenye jina moja, mwelekeo kinyume.

Ukirudi kwenye hesabu ya 2019, utaona imesimama mahali MYH9 iliposimama mwaka 2008. Mojawapo ya alama zenye nguvu zaidi za kukosa usingizi iko kwenye jeni ya MEIS1. Mwaka 2013 watafiti wa Texas walionyesha kwamba kwa panya jeni hiyo hushiriki kuzima ugawanyikaji wa seli za msuli wa moyo baada ya kuzaliwa. Huo ndio uchochoro wenyewe: jeni inaweza kumkosesha mtu usingizi kwa njia moja na kuugusa moyo wake kwa njia nyingine, bila usingizi kuwa daraja. Kuziondoa alama za namna hiyo na kuhesabu upya kunasaidia, lakini kwa zile tu ambazo kazi yake imekwishajulikana. Kyamulibwa, kusini mwa Uganda, kuna jinomu za watu takriban 6,400 zilizochapishwa mwaka huohuo wa 2019 pamoja na vipimo vyao vya damu na presha. Wakivalishwa vifaa vya mkononi vya kupima usingizi kwa wiki chache, hesabu ya aina ya Larsson na Markus itaweza kujaribiwa mahali ambapo vipande vya kromosomu vinavyorithiwa pamoja ni vifupi zaidi, na jirani ni rahisi kumtenga na mhusika.