Kuanguka Bila Kufa: Uhakiki wa Ufundishaji wa Urubani wa Vita katika Mchezo wa IL-2 Sturmovik

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna mchezo wa kompyuta wa IL-2 Sturmovik (2001) unavyomfundisha mchezaji mgeni kurusha ndege za Vita Kuu ya Pili ya Dunia na kupigana nazo. Hoja kuu ni kwamba mchezo huu ni mwalimu hodari wa mashine, lakini ni mwalimu mnyamavu wa vita. Na kwamba unyamavu huo haumo katika kasoro zake bali katika maana unayolipa neno uhalisia. Makala yanaonyesha pia kuwa Kiswahili kina akiba ya msamiati wa ubaharia inayoweza kutumika kufundishia urubani, na yanatoa mapendekezo kwa wapangaji wa lugha na elimu.

1. Utangulizi

IL-2 Sturmovik ulitengenezwa Moscow na studio ya 1C: Maddox Games chini ya Oleg Maddox, ukasambazwa na kampuni ya Ubisoft. Ulifuatiwa na Forgotten Battles (2003) na Pacific Fighters (2004), kisha yote yakakusanywa katika toleo la 1946 mwaka 2006. Jina lake linatokana na ndege ya Kisovieti ya Ilyushin Il-2, iliyoundwa kwa ajili ya kushambulia vikosi vya ardhini, ambayo zaidi ya 36,000 zilitengenezwa.

Msomaji anaweza kuuliza mchezo huu unaingiaje katika kongamano la Kiswahili. Jibu ni kwamba kila panapozungumzwa elimu kwa njia ya kidijitali, uigaji hutajwa kuwa mbinu ya kumfikisha mwanafunzi mahali ambapo kitabu hakimfikishi. Iwapo tunataka kuishauri serikali yoyote kuhusu mbinu hiyo, hatuna budi kwanza kuihakiki kazi iliyofikia kiwango cha juu, ili tuone inafundisha nini na inaacha nini. Mwandishi wa makala haya alijifunza mchezo huu kuanzia hatua ya kwanza, na uhakiki unafuata mpangilio wa kujifunza huko.

2. Mashine kama mwalimu

Somo la kwanza ni kuruka, na mwanafunzi hushindwa. Anaongeza nguvu ya injini kwa pupa, na kabla mkia haujainuka ndege inakwenda upande na kulimega bawa lake ardhini. Sababu ni kwamba injini yenye nguvu nyingi inapozungusha panga lake, inausokota pia mwili wa ndege kuelekea upande wa pili, na upepo wa panga hilo huupiga mkia kwa upande mmoja. Dawa yake ni kuongeza nguvu polepole huku mguu ukiukandamiza usukani wa mkia. Ndege ya Kijerumani ya Messerschmitt Bf 109 ina ugumu wa ziada, kwa kuwa miguu ya magurudumu yake imekaribiana. Hakuna maelezo yanayomweleza mchezaji haya kwa ufasaha kama ajali yenyewe.

Somo la pili ni kugeuka. Mgeni anapomwona adui nyuma yake, huivuta fimbo kwa nguvu zake zote. Kasi inapungua, bawa linaacha kubebwa na hewa, na ndege inajizungusha kuelekea chini mithili ya kishada kilichokatika uzi. Kujinasua kunadai mambo yanayopingana na silika: kupunguza nguvu ya injini, kukandamiza usukani wa mkia kinyume na mzunguko, na kuisukuma fimbo mbele ilhali ardhi inakuja. Hapo ndipo mwanafunzi anapoelewa kwamba kimo ni akiba. Aliye juu anaweza kukigeuza kimo kuwa kasi. Aliye chini na polepole hana cha kubadilisha.

Somo la tatu ni kulenga. Risasi huchukua muda kufika, kwa hiyo anayemlenga adui pale alipo hupiga hewa tupu. Sharti alenge mahali adui atakapokuwa. Aidha, bunduki zilizo katika mabawa hurekebishwa ili mikondo yake ikutane umbali fulani mbele. Nje ya umbali huo risasi hutawanyika.

Sifa hizi si za kubeza. Tofauti za mashine ziliamua mapambano ya kweli. Mwaka 1940 injini za Merlin za ndege za Kiingereza za Spitfire na Hurricane zilikosa mafuta kwa muda mfupi rubani alipoiinamisha pua ghafla, kwa sababu ya namna kabureta zake zilivyofanya kazi. Bf 109, ambayo injini yake ilipuliziwa mafuta moja kwa moja, haikuwa na tatizo hilo. Mwaka 1941 mhandisi Beatrice Shilling alibuni kipande kidogo cha chuma chenye tundu kilichopunguza athari hiyo. Mchezaji aliyewahi kuachwa na adui kwa sababu ya kuzimika kwa injini huisoma historia hii kwa makini ambayo mwalimu yeyote angeitamani.

3. Kifo kisicho na gharama

Hata hivyo, mbinu yote hii imejengwa juu ya nguzo moja: mwanafunzi anaweza kufa mara nyingi apendavyo. Anabonyeza kitufe, na ndege iko tena mwanzoni mwa uwanja.

Nguzo hiyo ina historia ya heshima. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda, alitumia ujuzi wa mifuko ya hewa ya vinanda kuunda kifaa kinachoiga mienendo ya ndege huku kikibaki chini. Mwaka 1934, baada ya marubani kadhaa wa jeshi la Marekani kufa walipokuwa wakisafirisha barua katika hali mbaya ya hewa, jeshi hilo lilinunua vifaa sita vya Link. Katika vita vilivyofuata marubani wengi walijifunza katika kifaa hicho kuongoza ndege kwa kutazama vipimo pekee. Uigaji, basi, ulienea ili kuokoa maisha: mtu aanguke darasani, asianguke mawinguni.

Linganisha na mwanafunzi mmoja aliyeanzia katika eneo letu. Roald Dahl, ambaye baadaye alikuwa mwandishi maarufu, alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell mjini Dar es Salaam, na alijifunza Kiswahili. Mwaka 1939 alijiunga na jeshi la anga la Uingereza jijini Nairobi, akajifunza kurusha ndege ndogo ya Tiger Moth, kisha akapelekwa Habbaniya nchini Iraki. Alipokabidhiwa ndege ya kivita ya Gloster Gladiator hakuwa amepewa mafunzo maalumu ya kupigana angani. Septemba 1940, akiitafuta kambi ya kikosi chake kwa maelekezo yasiyo sahihi huku giza likiingia, alianguka jangwani, akavunjika fuvu na kupofuka kwa muda. Aprili 1941 alikuwa angani juu ya Ugiriki katika Hurricane. Wengi wa waliojifunza naye Nairobi hawakuumaliza uhai wa vita.

Mchezaji wa leo, akishafanya mazoezi ya miezi michache, ameanguka mara nyingi kuliko kikosi kizima cha vijana wale, na kwa sababu hiyo huenda anajua mengi zaidi kuhusu kulenga na kugeuka kuliko walivyojua siku yao ya kwanza vitani. Lakini kuna jambo moja walilolijua ambalo yeye halijui kabisa, nalo ni kwamba hakuna kitufe. Maarifa yake ni ya kweli. Ujasiri wake ni wa bure. Mchezo haumwambii tofauti hiyo, na mwalimu asiyeitaja humwacha mwanafunzi akidhani kwamba waliokufa walikufa kwa kutojua kugeuka.

4. Chini ya mabawa

Mchezo una ukurasa wa kuchagua kiwango cha ugumu. Humo mchezaji huwasha au kuzima upepo, msokoto wa injini, injini kupata joto kupita kiasi, kupotewa na fahamu kwa sababu ya mgeuko mkali, ukomo wa risasi na wa mafuta, na mengineyo. Anayeviwasha vyote husemwa anacheza katika uhalisia kamili. Kwa mhakiki, ukurasa huu ndio kiini cha kazi nzima, kwa sababu unaorodhesha kinachohesabiwa kuwa halisi. Kila kitu kilichomo ni cha mashine au cha mwili wa rubani. Hakuna swichi ya walio chini.

Miji ya mchezo ina nyumba, madaraja na reli, lakini haina raia. Mrithi wake wa mwaka 2014 unabeba jina la Stalingrad, mji uliopigwa mabomu na ndege za Kijerumani tarehe 23 Agosti 1942, ukiwa umejaa wakazi, na maelfu yao wakauawa. Wakazi hao hawamo humo pia. Katika mchezo wa 2001 mikia ya ndege za Kijerumani haina alama ya swastika. Alama hiyo imewekewa vikwazo vya kisheria nchini Ujerumani, kwa hiyo sababu ya kuiacha inaeleweka. Matokeo yake ni kwamba ndege imechorwa kwa uaminifu mkubwa, ilhali utawala ulioituma umefutwa.

Mfano mzito zaidi ni Il-2 yenyewe. Rubani na injini walizungukwa na sanduku la chuma nene. Ilipoongezwa nafasi ya mpiga bunduki wa nyuma, mtu huyo aliketi nje ya kinga kuu. Mchezaji anaweza kuhamia kiti hicho kwa kitufe, akapiga, kisha akarudi kwenye kiti chenye kinga. Urahisi huu wa kuhama ndio uongo mkubwa kuliko wote uliomo katika mchezo, kwa kuwa kisa chote cha mpiga bunduki wa Il-2 ni kwamba hakuweza kuhama.

Mwandishi alilitambua jambo hili alipokuwa akishambulia msafara wa malori. Vijisanamu vya askari viliruka kutoka katika lori lililosimama, vikakimbia na kulala kifudifudi. Yeye alikuwa akihesabu risasi zilizobaki na kimo cha kuanzia mzunguko wa pili. Hesabu ilikuwa sahihi, na mzunguko wa pili ulifanywa. Ni baada ya kutua ndipo alipoona kwamba mafunzo yake yote hayakumpa hata neno moja kuhusu wale waliolala.

Kwa msomaji wa Kiswahili pengo hili lina uzito wa pekee. Wasemaji wa Kiswahili walioshiriki vita ile, wengi wao askari wa King's African Rifles waliojulikana kwa jina la Keya, waliitazama ndege wakiwa ardhini. Katika Bonde la Kabaw nchini Burma, mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilitegemea chakula na risasi zilizodondoshwa na ndege. Ndege kwao ilikuwa riziki au hatari itokayo juu. Mchezo unaotuweka sote katika kiti cha rubani unatuhamisha, bila kutuuliza, kutoka katika kumbukumbu za wazee wetu.

Inaweza kupingwa kwamba hakuna kazi ya sanaa inayosema yote, na kwamba mchezo wa urubani haudaiwi matanga. Hoja hiyo ni ya haki. Tatizo si kuchagua. Tatizo ni kuuita uteuzi huo uhalisia kamili.

5. Lugha ya kufundishia

Mchezo huu haupatikani kwa Kiswahili, na mwanafunzi wetu hujifunza kwa lugha nyingine hata pale ambapo Kiswahili kina maneno. Neno rubani lilimtaja mwongozaji wa chombo cha baharini kabla ya kupanda angani, na usukani vilevile. Tunasema jambo limekwenda mrama, tukisahau kwamba mrama ni kuyumba kwa chombo, na kuyumba ndiko anakokutana nako mwanafunzi wa kwanza. Mabaharia walikuwa na joshi kwa upande unaokabili upepo, demani kwa upande wa pili, na kubisha kwa kukata upepo kwa zamu. Waliosafiri kwa mashua waliufahamu uhusiano wa upepo, pembe na kasi kabla ya injini.

Haipendekezwi kwamba kila istilahi ya urubani itafutwe baharini. Injini itabaki injini, na kabureta itabaki kabureta. Lakini kamati ya istilahi inayoanza na chombo itampa mwanafunzi picha anayoijua, badala ya silabi za kukariri.

6. Hitimisho na mapendekezo

IL-2 Sturmovik unathibitisha kwamba uigaji unaweza kufundisha jambo gumu kwa subira isiyo na kifani. Unathibitisha pia kwamba ubora wa mafunzo ya mkono hauleti wenyewe mafunzo ya dhamiri. Kutokana na hayo, makala yanapendekeza mambo matatu.

Kwanza, shule au chuo kitakachotumia mchezo wa vita kufundishia historia kiambatanishe nao ushuhuda wa aliyekuwa chini ya ndege, na ushuhuda huo usomwe kabla ya somo la kulenga, si baada yake. Pili, waandaaji wa zana za uigaji kwa shule zetu watakiwe kuandika wazi, katika ukurasa uleule wa kiwango cha ugumu, mambo ambayo zana yao haiigi. Tatu, vyombo vya kukuza Kiswahili, vikiwemo BAKITA, CHAKITA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, vishirikiane na vyuo vya urubani na mabaharia wa mwambao kukusanya msamiati wa uongozaji vyombo kabla wenye kuujua hawajatoweka.

Pendekezo la kwanza ndilo lisiloahirishika. Nchi kadhaa za ukanda wetu zina watoto wanaoujua mlio wa ndege ya kivita kutokana na maisha yao wenyewe. Mtoto wa namna hiyo akiketi mbele ya mchezo huu, yeye ndiye atakayekuwa na swali ambalo mchezo hauna jibu lake. Mwalimu anapaswa kuwa amejiandaa kulisikia.