Brauni nyepesi: nani alipima?

Wandugu wa promo, na ninyi wadogo zetu mlio bado ku chuo, leo nakosoa kitu ambacho wengi wenu mnakipenda: maelekezo ya brauni nyepesi. Brauni mnaijua, ile keki fupi ya kakao, nzito, yenye unyevu ndani, iliyozaliwa Marekani na ambayo sasa haikosi ku sikukuu ya mtu aliyetetea kazi yake ya mwisho. Maelekezo yanayozunguka katika simu zetu yanaahidi mafuta kidogo, sukari kidogo, na utamu ule ule. Ahadi kama hiyo tuisome na kalamu mkononi, vile tunavyosoma kazi ya mwenzetu kabla hajaipeleka kwa profesa.

Tuanze na brauni ya kawaida, isiyoahidi kitu: siagi gramu 115, sukari gramu 200, mayai 2, unga wa ngano gramu 65, kakao gramu 40. Ukijumlisha kwa majedwali ya vyakula unapata karibu kilokalori 2,070. Sasa angalia zinatoka wapi. Siagi peke yake inaleta 825 hivi, sukari 774. Hizo mbili ni zaidi ya robo tatu ya kilokalori zote. Unga wa ngano? 237 tu.

Njo maana nashangaa kuona maelekezo yanayosifiwa kuliko yote ni yale ya kuondoa unga na kutia maharagi meusi yaliyosagwa. Wameacha wezi wawili wakubwa ndani ya nyumba, wakamfukuza mtoto aliyeiba karanga. Tena gramu 240 za maharagi yaliyoiva, ndiyo kipimo chao cha kopo moja, zina kilokalori kama 317. Brauni imekuwa nzito kidogo kuliko mwanzo! Sikatai kwamba maharagi yanaleta protini na nyuzinyuzi. Mimi mtu wa kilimo, tena wa Kivu, siwezi kuyasema vibaya. Lakini basi iitwe brauni yenye lishe, isiitwe nyepesi. Na mwandishi wa Marekani anafungua kopo tu. Mama wa Bukavu atakaa na sufuria juu ya babula saa mbili ao zaidi, makala yanaisha, na bei ya makala haiingii katika maelekezo ya mtu yeyote.

Kwa upande wa siagi, wao wanasema weka tofaa lililopondwa. Hiyo nayo iko na historia yake: miaka ya 1990 kule Marekani mafuta yalikuwa adui namba moja, na tofaa kwao liko kila mahali. Hapa kwetu tofaa ni tunda la kumpelekea mgonjwa hospitalini. Tunda letu ni avoka. Gramu 100 za avoka zina kilokalori 160 hivi, za siagi 717. Tofauti hiyo si muujiza: siagi ni mafuta asilimia 80 na kitu, avoka ni mafuta asilimia 15 hivi na sehemu kubwa iliyobaki ni maji. Na hapo njo maelekezo mengi yanamdanganya msomaji, juu hayamwambii siagi ilikuwa na kazi gani. Mafuta yanafunika chembe za unga ili zisishikane kama mkate. Ukiyaondoa yote ukatia maji mahali pake, utapata kitu cha mvuke, laini kama ugali wa jana. Badilisha nusu tu, siagi 57 na avoka 58, iliyoiva vizuri na kupondwa mpaka isibaki na donge. Kakao inafunika rangi ya kijani, na harufu pia. Kuna wengine wanatia mawese eti ni ya asili. Mawese yana vitamini yake, hilo sibishi, lakini mafuta yoyote safi yanafika karibu 884 kwa gramu 100. Umetoka ku siagi umepanda mlima.

Sukari njo inanifanya niandike.

Nimeona boksi za brauni zinauzwa karibu na mlango wa chuo, zimeandikwa kwa mkono: bila sukari, nzuri kwa wenye ugonjwa wa sukari. Ndani kuna asali na ndizi zilizoiva sana. Muuzaji ni kijana mwenye diploma kama sisi, anatafuta maisha, simtaji na sina ugomvi naye. Ila maandishi yake nayakataa kabisa. Asali ni sukari karibu gramu 80 katika kila gramu 100. Kinachobaki ni maji zaidi ya yote. Mtu akiondoa sukari gramu 200 na kuweka asali gramu 200, bado amebakiza sukari 160 ndani ya sufuria. Na ndizi, wandugu, hii tuliisoma: ndizi mbichi imejaa wanga, na kadiri inavyoiva wanga unageuka sukari. Yale madoa meusi ku ganda ni alama kwamba kazi hiyo imefika mbali. Tende ni vilevile. Ukisema "asili" hujasema kitu chochote kuhusu damu ya mtu. Kongosho la mgonjwa halijui kama glukosi imetoka ku mzinga ao ku kiwanda. Yule mama anayenunua vipande vitatu kwa ajili ya mume wake, juu boksi imesema ni nzuri, anaenda nyumbani na hatari ndani ya mfuko.

Sukari nayo ina kazi zaidi ya utamu. Inashika maji, inachelewesha yai na unga visigande haraka, na ndiyo inatoa ile ngozi ya juu inayong'aa na kupasuka. Shuka kutoka 200 mpaka 140, brauni bado ni brauni. Shuka mpaka 80, umeoka mkate wa kakao, na afadhali uuite hivyo. Pengo la utamu unaweza kulisaidia na chumvi kidogo na kijiko cha kahawa kali ya Kivu, inayoamsha ladha ya kakao. (Kakao yenyewe inalimwa Beni na Mambasa, nyingi inaondoka ikiwa mbegu kavu, na sisi tunanunua kopo la unga lililotoka mbali. Mutwanga wanatengeneza shokola palepale, lakini hilo ni andiko lingine.)

Kwa mabadiliko hayo mawili, nusu ya siagi na sukari 140, jumla inashuka mpaka karibu 1,515. Ni robo na kidogo imeondoka, kwa vitu vya ku soko la Kadutu. Lakini bado kuna kisu. Brauni ya kawaida ukiikata vipande 16, kila kimoja ni kilokalori 129. Ile nyepesi ukiikata 9, kila kimoja ni 168. Maelekezo mengi yanakaa kimya kabisa juu ya kisu, na wauzaji wanakata vikubwa ili bei ionekane nzuri. Mteja amekula kipande "chepesi" kilicho kizito kuliko kile alichokikimbia.

Jambo moja la moto: avoka imeleta maji, kwa hiyo usifuate dakika zilizoandikwa kwa ajili ya tanuri ya umeme. Sisi tunaoka ndani ya sufuria, makala kidogo chini, mengine juu ya kifuniko. Punguza ya chini, yaache ya juu, chomeka kijiti katikati. Kitoke na makombo yenye unyevu, kisitoke kikavu.

Na kwa wanaouza, sisemi muache. Andikeni tu ku boksi: sukari iliyotiwa gramu 140, vipande 16. Hiyo ni karibu gramu 9 kwa kila kipande. Mwenye ugonjwa wa sukari anaweza kumuonyesha muganga namba hiyo. Neno "nyepesi" hawezi kumuonyesha mtu.