Chukudu: Chasi Inayopimwa na Mteremko

Chasi, yaani kiunzi kinachobeba uzito wote wa chombo na kushikilia magurudumu yake, haionekani kwa urahisi na mnunuzi, ingawa mafundi wa magari ya kifahari ya zamani waliithamini kuliko rangi na viti. Kampuni ya Rolls-Royce ya Uingereza iliuza chasi ikiwa na injini tu, na mteja akaipeleka kwa mafundi wengine waiundie bodi. Mwaka 1907, gari lake lililoitwa Silver Ghost liliendeshwa maili 15,000, sawa na kilomita 24,000 hivi, kati ya London na Glasgow, kisha likafunguliwa ili kila sehemu iliyolika ipimwe, kwa kuwa fundi hujua udhaifu wa kazi yake pale tu inapochakaa.

Kanuni hiyo inatumika pia Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako vilima vya Masisi hushuka upande wa magharibi kuelekea misitu ya Walikale. Chombo kinachoshuhudia hilo ni chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedeli wala injini, ambayo kwa kweli ni chasi tupu: ubao mrefu wa mti mgumu, usukani wenye pembe mbili, na magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu. Mwendeshaji hupiga goti moja juu ya ubao na kusukuma kwa mguu wa pili. Kwenye mteremko huiachia ishuke yenyewe, ikiwa imebeba makaa, viazi au mbao zenye uzito wa mamia ya kilo kuelekea Goma.

Seremala wa chukudu hana maabara. Barabara yenye mawe ya volkano ndiyo inayompimia kazi. Mzigo unaposhuka, nguvu zake hukusanyika kwenye kiungo cha usukani na kwenye ekseli, yaani mhimili wa gurudumu, na hapo ndipo ufa hutangulia kuonekana. Chombo kikirudishwa kimevunjika, fundi husoma ufa huo, huchagua mti mgumu zaidi au hunenepesha kiungo, na chukudu inayofuata hutoka ikiwa imara kuliko iliyotangulia.

Tofauti kubwa ni kwamba jaribio la Uingereza liliandikwa, ilhali la Kivu limebaki mikononi mwa mafundi, na gharama ya kosa hulipwa na goti na uti wa mgongo wa mwendeshaji. Mji wa Goma umeiheshimu chukudu kwa sanamu, na heshima hiyo inastahili. Lakini shule za ufundi zinapaswa kwenda mbali zaidi, zichore viungo vyake, zipime mizigo yake na kuyaandika majina ya miti yake, kabla maarifa hayo hayajazikwa pamoja na wenyewe.