Kubariki, Kuombea na Mtu Asiye na Jina: Waraka wa Accra Usikiwavyo Kalunguta

Waraka uliotolewa Accra tarehe 11 Januari 2024 na Kardinali Fridolin Ambongo, Askofu Mkuu wa Kinshasa, akiwa Rais wa SECAM, yaani shirikisho la mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika na Madagaska, umekwisha kujadiliwa na wanateolojia na wanasiasa. Makala haya yanautazama kwa jicho la lugha. Hukumu yake yajulikana: makanisa ya Afrika hayatawabariki wapenzi wa jinsia moja, ijapokuwa hati ya Vatikani iitwayo Fiducia supplicans, ya tarehe 18 Desemba 2023, iliruhusu baraka ya namna hiyo nje ya liturujia. Hata hivyo, waraka huohuo wasisitiza kwamba watu hao wana utu unaostahili heshima. Muumini wa Kalunguta, katika barabara itokayo Butembo kwenda Beni, asikiaye mahubiri kwa Kinande na Kiswahili kuliko Kifaransa cha maaskofu, atazipokeaje kauli hizo mbili?

Ya kwanza ataipokea upesi mno. Katika Kiswahili cha makanisa, mume na mke waliokwisha kumaliza mambo ya mahari na kuishi pamoja huenda "kubariki ndoa". Kubariki wawili, basi, ni kuwaoza. Vatikani ilijenga hoja yake juu ya tofauti kati ya baraka ya ndoa na ile apewayo yeyote aiombaye. Tofauti hiyo, ikitiwa katika kitenzi kimoja, huyeyuka kabla mhubiri hajamaliza sentensi. Mtafsiri mwangalifu angeweza kusema "kuwaombea". Si kwamba maaskofu walikataa kwa sababu ya tafsiri: walitaja mkanganyiko na kwazo kwa waumini, pamoja na mila. Lakini kwazo hilo, kwa kiasi fulani, limo ndani ya neno lenyewe.

Kauli ya pili ina tatizo zito zaidi. Utu wa nani? Kiswahili cha Biblia hakina jina la mtu huyo. Tafsiri ya Union ya 1952, itumiwayo na Waprotestanti wengi, huyaleta maneno mawili ya Kigiriki ya Paulo katika 1 Wakorintho 6:9 kuwa "wafiraji" na "walawiti". La kwanza, malakoi, maana yake ya asili ni "walaini", na ndilo litumikalo katika Mathayo 11:8 kwa mavazi. Juu ya la pili wataalamu wangali wakibishana. Tafsiri haikuacha nafasi ya ubishi. Ilichukua neno ambalo mwenye adabu hathubutu kulitamka mbele ya mkwewe, ikalifuatisha na istilahi ya fikihi ya Kiislamu iliyotokana na jina la Lutu. (Ajabu ni kwamba Lutu wa Mwanzo 19 ndiye aliyewakinga wageni wake, jina lake likabebeshwa kosa la waliotaka kuwashambulia.) Maneno yote mawili hutaja tendo, wala si mtu. Tena "kulawiti" katika magazeti ya leo husomwa mara nyingi katika habari za watoto waliodhulumiwa, na msikilizaji hawezi kuiacha maana hiyo mlangoni aingiapo kanisani. Wanawake hawamo kabisa, ila kwa "msagaji", neno la dhihaka. Apendaye jinsia zote mbili hana hata la kumtukania. "Shoga", lililokuwa jina la mapenzi kati ya wanawake marafiki huko pwani, limegeuzwa kejeli.

Mwenye kudhani kwamba haya ni ya wanaisimu tu na aitazame jamii yenyewe. Katika eneo la Butembo na Beni, Kanisa Katoliki na Wabaptisti wa CBCA huendesha shule na hospitali nyingi. Atengwaye na kanisa hutengwa na mengi zaidi ya ibada. Ibara ya 40 ya Katiba ya Kongo ya 2006 huitaja ndoa kuwa ya watu wa jinsia tofauti, lakini Kanuni ya Adhabu iliyorithiwa kwa Wabelgiji haikuutaja uhusiano wa jinsia moja kwa jina. Hali haikuwa hivyo ng'ambo ya mpaka wa Kasindi, ambako Uganda ilitunga sheria kali mwaka 2023. Kalunguta, hukumu hutoka mimbarani kuliko mahakamani.

Wala kubadili majina si ndoto. Wakati wa Ebola ya 2018–2020, iliyoifikia pia zoni ya afya ya Kalunguta, waliopona waliogopwa na majirani. Wakaitwa, kwa neno la Kifaransa, washindi. Ulinganisho huu ni wa majina tu, kwani kupenda si ugonjwa. Jina lile halikuondoa hofu yote, ila lilimpa jirani neno la kumwitia aliyerudi.

Huko Uganda, Christopher Senyonjo, askofu mstaafu wa Kianglikana wa West Buganda, alikuwa amekwisha kupoteza nafasi yake kanisani kwa kuwasikiliza watu hao alipohudhuria, Januari 2011, mazishi ya David Kato, mwanaharakati aliyeuawa. Mhubiri aliwashutumu waombolezaji; wanakijiji wakakataa kuzika; marafiki wakalibeba jeneza wenyewe, na Senyonjo akaongoza sala kaburini. Alichokifanya pale, Kiswahili hukiita kuombea, na hakuna aliyekidhania kuwa ndoa.