Kabla hujanunua nyumba ya mawe, chokoa ncha za boriti

Nyumba ya Mji Mkongwe wa Unguja ina bei mbili: ya dalali na ya fundi. Wanunuzi wengi huuliza ya kwanza wakaishia hapo, na ya pili ndiyo huwafilisi. Kubomoa na kujenga upya si njia ya kutegemea, kwani mji huu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, na marekebisho ya jengo yanahitaji kibali cha mamlaka ya uhifadhi. Swali linabaki moja: nyumba hii inakarabatika?

Jibu limo katika namna ilivyojengwa. Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa, unene wake nusu mita au zaidi. Juu yake zimelazwa boriti za mikoko, na juu ya boriti mawe na chokaa ya sakafu. Boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa, mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba, hata katika nyumba za matajiri. Lakini boriti haibebi sakafu tu. Inazifunga pia kuta mbili zinazotazamana zisiachane, na kazi hii ya pili ndiyo inayosahaulika.

Maradhi huanzia juu. Bati likitoboka, au mfereji wa paa ukiziba, maji huteremka ndani ya ukuta na kutulia pale ncha ya boriti ilipozama. Ncha huoza wakati sehemu inayoonekana chumbani bado ni nzima na imepakwa rangi. Sakafu inaanza kubonyea, ukuta unapoteza kamba yake, halafu unatoka nje kidogo kidogo. Kwa hiyo ukienda kukagua, chukua msumari mrefu na tochi, uchokoe kila boriti pale inapoingia ukutani, hasa chini ya bafu na chini ya paa. Mti mzima hugoma. Uliooza huupokea msumari kama muhogo uliochemshwa. Zihesabu zilizooza: hesabu hiyo ina maana kuliko nyufa zote za lipu.

Na hapo kwenye lipu ndipo nyumba nyingi zilipouawa na waliotaka kuziokoa. Ukuta wa matumbawe huvuta unyevu kutoka ardhini na kuutoa kupitia lipu ya chokaa. Ukipigwa saruji, unyevu hunaswa ndani pamoja na chumvi, udongo hulainika, na baada ya misimu michache saruji inabanduka mapande makubwa ikiondoka na uso wa jiwe. Dawa ni kuibandua yote, kuuacha ukuta ukauke, kisha kurudi kwenye chokaa: iliyozimwa kwa maji, ikaachwa shimoni wiki kadhaa, ikapigwa tabaka nyembamba nyembamba na kunyunyiziwa maji ili isikauke kwa pupa. Chokaa hukomaa kwa kunywa hewa, taratibu. Fundi anayeahidi kumaliza upesi hana nia ya kutumia chokaa, na mimi nisingempa kazi.

Mpangilio wa kazi nao ni uhai wa watu. Kwanza zuia maji juu, kisha egemeza sakafu na kuta kwa mirunda, ndipo uguse boriti, nazo kwa zamu, chache chache. Beit al-Ajaib, jumba kongwe la mji huu huu, ilianguka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 matengenezo yakiendelea, na watu wawili wakafa. Jengo lililochoka huwa hatari zaidi siku linapoguswa.

Nyumba iliyooza boriti lakini kuta zimesimama wima, inunue kama bei imeshuka kiasi cha kulipia sakafu mpya. Iliyovikwa saruji nje na ndani, ongeza fedha na muda. Moja ningemsihi mtu aiache hata akiuziwa kwa bei ya kutupa: ile ambayo jirani amepandisha ghorofa la zege juu ya ukuta mnaoshirikiana. Ukuta wa mawe na udongo haukujengwa kwa uzito huo, wala hutaweza kuutibu kwa upande wako peke yako. Ufa utakaouziba utafunguka tena, mpaka jirani akubali kulishusha ghorofa lake.