Fundi wa Seli T

Segese, katika Halmashauri ya Msalala mkoani Shinyanga, hakuna asiyemjua mchenjuaji wa dhahabu. Mchanga ukitoka kwenye makarasha anaupitisha mwaloni kwa maji, chepesi kikaenda zake, kizito kikabaki. Yupo fundi mwingine anayetenganisha vitu kwa uzito, naye sijasikia akisifiwa: yule anayezitoa seli T kwenye damu ya mgonjwa wa kichocho. Anaimimina damu polepole juu ya kimiminika kizito ndani ya mrija, visichanganyike. Mashine ikishazunguka, seli nyekundu zimezama chini, na juu yake umebaki utando mwembamba wenye ukungu. Huo ndio anaoutaka. Mchenjuaji hutafuta kizito kisichooza. Huyu hutafuta chepesi kilicho hai, kinachoweza kumfia mkononi.

Uhai huo ndio unaoipa kazi hii ugumu na heshima yake. Damu ikitolewa, saa zinahesabika, na kutoka vijiji vya Shinyanga hadi maabara za Mwanza ni mwendo. Seli za kuhifadhiwa hupoozwa taratibu, kama nyuzi joto 1 kwa dakika, kisha huwekwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Kuziyeyusha ni kinyume: haraka, kwenye maji ya nyuzi 37. Halafu hutiwa rangi ya buluu na kutazamwa kwa darubini. Iliyokufa hunywa rangi, iliyo hai huikataa. Hatua hii naipenda kuliko zote, kwa sababu fundi hahoji kitu kabla ya kuhakikisha kwamba anayehojiwa yu hai.

Na swali analoziuliza seli hizo ni zito: zinaishije na mnyoo wa kichocho? Mtoto anaoga lamboni, mama anapandikiza mpunga kwenye jaruba, na mnyoo uliotoka kwa konokono unapenya ngozi. Utaishi ndani ya mishipa ya damu kwa miaka, dume limemkumbatia jike, na mwili hauuondoi. Wiki za mwanzo seli T huja juu kwa ukali. Mayai yakianza kutagwa hubadili mtindo, zikayazingira na kuyajengea uvimbe mdogo mdogo kwenye ini, utumbo au kibofu. Ugonjwa mwingi wa kichocho hutokana na uvimbe huo. Baadaye hujitokeza seli T dhibiti, zile zilizowapatia Brunkow, Ramsdell na Sakaguchi Tuzo ya Nobel mwaka 2025, na kazi yake ni kutuliza. Mwili umekubali kuishi na mgeni ili usijiunguze wenyewe.

Ng'ambo ya Ziwa Victoria, mjini Kisumu, Diana Karanja wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wenzake waliwafuatilia wanaume wanaoosha magari wakiwa wamesimama ziwani. Walitibiwa kwa prazikwanteli, wakarudi majini, maana mkate uko humo. Wapo walioambukizwa upesi kila mara. Wapo ambao miili yao ilijifunza kujikinga. Wale waliokuwa na VVU, na CD4 zao zimepungua, waliambukizwa tena kwa urahisi zaidi. Lakini kuna la ajabu: mayai waliyoyatoa chooni yalikuwa machache yakilinganishwa na wingi wa minyoo waliyokuwa nayo. CD4 ni seli T. Yai halina njia yake lenyewe ya kuvuka ukuta wa utumbo. Linasaidiwa na zile seli za kinga zinazolizingira. Panya waliopunguziwa seli T walikuwa wameshalionyesha jambo hilo. Basi mnyoo unazikwepa seli zetu, na papo hapo unazitegemea ili kizazi chake kifike majini. Ukiliwaza hilo sawasawa, huwezi tena kuziita seli T askari tu.

Prazikwanteli wanayomezeshwa wanafunzi huua minyoo iliyokomaa, ila haimlindi mtoto anayerudi lamboni kesho yake, na chanjo bado haipo. Atakayeitengeneza atahitaji kujua kinga ya mtu aliyekulia hapa, mwenye kichocho, malaria na safura kwa pamoja, si ya panya wa kizimbani peke yake. Ndiyo maana nataka mirija ya damu ya Segese ifunguliwe Mwanza, na vijana wa Kahama na Geita wafundishwe kuimimina damu ile bila kuichanganya, walipwe kama mafundi, na majina yao yaandikwe kwenye matokeo.