Gitaa la Mbaraka

Waimbaji wazuri tumewapata wengi, na wapiga solo hodari pia. Mtu mmoja kuzibeba kazi zote mbili, na zote zikamkaa, ni jambo la nadra. Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alikuwa mtu huyo. Alizaliwa 1944, mwaka uleule ilipoanzishwa Morogoro Jazz, bendi aliyojiunga nayo katikati ya miaka ya 60 akaifanya itajwe kila mahali.

Msikilize akiwa kazini. Anaimba ubeti bila haraka, kila neno linasikika. Akinyamaza, solo linaingia, na wala halirudii alichokwisha kusema: linaongeza. Pale ambapo mtunzi mwingine angetafuta maneno zaidi, Mbaraka huyaachia magitaa. Rizimu inashikilia njia moja, besi inatembea chini, tumba hazitetereki. Solo peke yake ndilo lenye ruhusa ya kutangatanga, nalo halijapata kupotea. Hapo ndipo ulipo ufundi wake, kwa maoni yangu, kuliko hata katika sauti: alijua lini mwimbaji anyamaze.

Aliimba mapenzi, aliimba shida za watu, aliimba na habari za nchi. Dkt. Kleruu, mkuu wa mkoa wa Iringa aliyeuawa Desemba 1971, anakumbukwa na wengi kwa sababu ya wimbo wa Morogoro Jazz. Bendi ilikwenda hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya kimataifa ya 1970. Mwaka 1973 Mbaraka akaunda Super Volcano, na huko ndiko ulikotoka wimbo “Shida”, unaopigwa mpaka leo Tanzania na Kenya. Januari 1979 ajali ya gari ikamuua Mombasa. Hakuwa ametimiza miaka 35.

Santuri za siku zile zilikuwa ndogo. Wimbo ulikatwa vipande viwili: maneno mengi upande wa kwanza, na upande wa pili chemko, magitaa yakiachiwa uwanja. Redioni siku hizi tunapewa upande wa kwanza tu. Mara sauti ya Mbaraka inapotulia, tangazo linaingia. Basi tunamsikia mwimbaji, mpiga gitaa tunanyimwa. Ndugu watangazaji wa zilipendwa, tafadhali msimkate katikati. Wekeni na upande wa pili, mpaka mwisho.